Jibu: Mdahalo wa wazi chuoni Moshi, tuanzie wapi?

Mkuu, umeuliza mtaanzishaje mdahalo chuoni wakati watu wanaogopa kusema. Anzeni na kahawa. KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ulianzishwa 1933 na wengi wenu mna babu mwenye kihamba (shamba la ukoo la Wachagga), kwa hiyo swali la kwa nini vijana wanaikacha mibuni litamtoa kila mtu pangoni. Mambo ya mikopo na ajira yatajileta yenyewe.

Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni, lakini ukumbi haiutoi, hivyo mwandikieni mshauri wa wanafunzi mapema. Mgeni rasmi achaneni naye, atamaliza saa nzima kwa salamu! Waoga waandike maswali kwenye vikaratasi bila jina. Mwongozaji awe mtu anayeweza kumkatisha hata mhadhiri.