Jibu: Binti ameacha nyama na samaki, atapata wapi damu?

Dada, pole kwa wasiwasi, ila usimlazimishe. Hapa Tanga vyakula vipo. Wali kwa mbaazi za nazi, ugali kwa kunde, makande: protini inayopungua kwenye nafaka hujazwa na jamii ya kunde.

Damu ndiyo ya kuangalia sana, hasa kwa msichana aliyevunja ungo. Madini ya chuma ya mchicha, choroko na dengu hayanyonywi kirahisi kama ya nyama, kwa hiyo mkamulie ndimu kwenye mboga, au ale chungwa la Muheza palepale. Chai isubiri kama saa nzima. Mimi nilikuwa nashushia chakula kwa chai ya rangi miaka yote, mpaka nikapimwa damu ikakutwa imepungua.

Vitamini B12 ndiyo haimo kwenye mimea. Akinywa maziwa na kula mayai kila siku, sawa; kama ameacha hata maziwa na mayai, mnunulie vidonge vya B12, tafadhali usichelewe, maana upungufu wake hujificha muda mrefu na huharibu mishipa ya fahamu. Na chumvi iwe ya madini joto.