Nitamwangalia kwa mlango wa nyuma

Mmeuliza wiki hii kama mfanyabiashara wa fenicha, mwenye duka lake na mafundi wake, anafaa kuingia katika siasa za jiji. Mimi ni seremala, kwa hiyo msinitegemee nijibu bila upendeleo. Anafaa. Ila hotuba zake za mlango wa mbele nitazisikiliza baadaye. Kwanza nataka kuuona mlango wa nyuma, ule wa kupokelea mzigo.

Chukueni John Blundell Maple wa London. Alizaliwa mwaka 1845, miaka minne baada ya baba yake kufungua duka katika barabara ya Tottenham Court. Kijana akalikuza mpaka likawa linapamba majumba ya wafalme. Mwaka 1885 aligombea ubunge wa St Pancras Kusini, jirani na duka lake, akaangushwa. Mwaka 1887 akapata kiti cha Dulwich, akakikalia hadi kufa kwake 1903, na mwaka 1895 akaingia pia katika Baraza la Kaunti la London.

Jambo alilolishikilia ni nauli nafuu za treni kwa wafanyakazi. Muuza vitanda na treni, wapi na wapi? Mimi sishangai. Familia iliyobanana katika chumba kimoja karibu na kiwanda hununua kitanda kimoja, na kabati halina pa kukaa. Mpe baba treni ya alfajiri kwa nauli anayoimudu, atahamia pembezoni, apate vyumba viwili vitatu, na vyumba havikai vitupu. Sisemi hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga. Lakini ni hesabu ambayo muuza samani yeyote anaiota usingizini, na hata kama aliipiga, nauli ikishuka imeshuka.

Sasa mlango wa nyuma. London ya karne hiyo ilijaa mafundi waliofanya kazi vyumbani mwao, mke na watoto wakisaidia. Fundi ananunua mbao kidogo, anahangaika na kabati wiki nzima, kisha Jumamosi analipakia mkokotenini na kulizungusha duka hadi duka. Mnunuzi anajua mtu huyu hawezi kurudi nalo: nyumbani hakuna nafasi, na bila fedha hizo hakuna chakula wala mbao za Jumatatu. Anasubiri tu. Kila saa inayopita, bei inateremka. Mafundi waliyaita maghala ya wanunuzi hao machinjio. Nimewahi kusimama nje ya duka na meza ya watu sita, mawingu yamefunga, mwenye duka ananiambia nirudi jioni tuongee vizuri. Jina hilo kwangu halikuhitaji maelezo.

Mwaka 1888 Bunge la Malodi, baraza la juu la bunge la Uingereza, liliunda kamati ya kuchunguza unyonyaji wa aina hiyo katika kazi mbalimbali. Duka la Maple likatajwa, na mwenyewe, mbunge tayari, akaenda kujieleza.

Wapo watakaoniambia dawa ni kuacha biashara kabisa, kama Joseph Chamberlain wa Birmingham. Huyo utajiri wake ulitoka kwenye skrubu za mbao. Alikuwa meya kuanzia 1873 hadi 1876, akajitoa katika kampuni mwaka 1874, na chini yake jiji likanunua kampuni za gesi na maji. Ni kweli, mikono ilibaki safi. Lakini aliyekwisha kuuza duka humwulizi tena droo zake anazitengeneza nani, naye Maple aliulizwa hadharani. Kwa zabuni za madawati na viti vya ofisi, diwani mwenye duka atangaze maslahi yake na atoke kikaoni. Hilo halina mjadala mrefu.

Maple aliligharimia pia jengo jipya la hospitali ya University College, hatua chache kutoka dukani. Ujenzi ulianza 1897 ukaisha 1906, yeye keshazikwa, na jengo bado limesimama, limekaa mfano wa msalaba. Zawadi kubwa, simnyimi. Lakini ningekuwa mpiga kura wake, ningemngoja nje ya mkutano nimuulize: mzee, kabati la fundi mnalinunua Jumamosi jioni kwa bei ileile ya asubuhi?