Uliza Ujibiwe: Bill Walton, uwanjani na kwenye maikrofoni

Barua nyingi za safari hii zinamhusu Bill Walton, mchezaji wa mpira wa kikapu, senta (mchezaji mrefu anayekaa karibu na kikapu) wa zamani wa Portland Trail Blazers na Boston Celtics aliyekuja kuwa mtangazaji wa televisheni nchini Marekani. Alifariki dunia Mei 27, 2024 akiwa na miaka 71. Tumechagua maswali matano.

Swali: Nimesoma kwamba Walton alikuwa na kigugumizi hadi utu uzima. Mtu wa namna hiyo aliwezaje kulipwa kwa kuongea?

Ni kweli, na kilikuwa kikali. Tangu akiwa mwanafunzi wa UCLA alikwepa mahojiano, na hata alipokuwa bingwa wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kuzungumza mbele ya watu kulimtesa kuliko mechi yoyote. Mambo yalianza kubadilika alipofika miaka 28 na kukutana na Marty Glickman, mtangazaji mkongwe wa New York. Glickman naye alikuwa mwanamichezo: mkimbiaji wa mbio fupi aliyepelekwa Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, kisha akaondolewa kwenye timu ya kupokezana vijiti siku ya mashindano.

Alichompa Walton hakikuwa dawa, bali mazoezi. Kwanza, kupunguza kasi ya mawazo, maana ulimi hukwama pale kichwa kinapokuwa kimeshafika sentensi ya tatu. Pili, kusoma kwa sauti kila siku. Tatu, kuzitambua sauti zinazomkwamisha, kuandika maneno yenye sauti hizo na kuyarudia peke yake. Nne, kutafuna ubani usio na sukari ili kuzoesha taya.

Hilo la ubani ndilo tunaloliona dhaifu, kwa kuwa kigugumizi si ulegevu wa taya. La kusoma kwa sauti lina mantiki zaidi: maneno yameshaandikwa, kwa hiyo msomaji habebi mzigo wa kuyatafuta, anashughulika na pumzi na mwendo tu. Wengi hukosea kwa kusoma haraka ili wamalize ukurasa, na hapo wanazoeza kasi ileile inayowakwamisha. Mwenye tatizo hili aanzie kwa mtaalamu wa matamshi. Walton aliyafanya mazoezi yake kama alivyofanya ya miguu, yaani bila kuacha, na baadaye alisema kujifunza kuongea ndiyo mafanikio yake makubwa kuliko yote, tena jinamizi kwa wasikilizaji wake.

Swali: Kwenye matangazo ya Marekani kuna sauti mbili au tatu. Kazi ya Walton ilikuwa ipi hasa, na kwa nini wengine walimlalamikia?

Walton alikuwa mchambuzi. Mtangazaji mkuu hutaja nani ana mpira, matokeo na muda uliobaki. Mchambuzi hueleza kwa nini, na nafasi yake ni finyu mno. Kwenye NBA timu ina sekunde 24 za kurusha mpira, na sekunde 8 za kuuvusha mstari wa katikati. Kwa hiyo baada ya kikapu kufungwa, mchambuzi ana sekunde chache tu: aanze mpira unapookotwa, anyamaze kabla washambuliaji hawajajipanga upande wa pili. Maelezo marefu huwekwa kwenye mitupo huru, mpira ukitoka nje, au marudio ya picha yakionyeshwa.

Kwenye marudio ndiko wengi huharibu. Husimulia kile ambacho mtazamaji anakiona mwenyewe: amepokea, ameruka, amefunga. Kinachotakiwa ni chanzo ambacho macho ya kawaida yamekikosa, kwa mfano beki aliyechelewa hatua moja kumsaidia mwenzake, au senta aliyesogea pembeni akamwachia mwenzake njia. Walton aliona mambo hayo vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa senta wa kutoa pasi: aliudaka mpira unaorudi kutoka kwenye ubao na kuanzisha shambulizi kabla miguu yake haijatua.

Malalamiko yalikuwa ya aina mbili. Alikuza mambo: pasi ya kawaida aliipamba kwa sifa kubwa. Pia alichepuka. Hilo lilizidi alipoanza kutangaza mechi za vyuo mwaka 2012 akiwa na mtangazaji mkuu Dave Pasch, ambapo ungeweza kusikia habari za volkano, baiskeli au bendi ya Grateful Dead huku mchezo ukiendelea. Tunadhani wanaomlaumu wana haki pale mechi inapokuwa imebana. Lakini mechi ya Jumatano usiku ambayo timu moja inaongoza kwa pointi 25 haina cha kuchambua, na hapo Pasch alimchokoza makusudi. Kuchepuka kule kulifaa kwa sababu pembeni alikuwepo mtu asiyepoteza hesabu ya matokeo. Anayetaka kuiga bila kuwa na mwenzake kama huyo ataharibu matangazo.

Swali: Kama alikuwa bora hivyo, mbona takwimu zake za NBA ni ndogo?

Miguu. Kati ya mwaka 1974, alipochaguliwa wa kwanza na Portland katika uteuzi wa wachezaji wapya, na 1988 kuna misimu 14 ya mechi 82 kila mmoja, jumla 1,148. Yeye alicheza 468. Misimu minne hakugusa uwanja kabisa.

Akiwa mzima, tazama mchezo wa sita wa fainali ya 1977 dhidi ya Philadelphia 76ers: pointi 20, ribaundi (mipira aliyoidaka ikirudi kutoka ubaoni) 23, asisti (pasi za kufungia) 7, bloku (mitupo aliyoizuia) 8, na ubingwa. Msimu uliofuata Portland ilishinda mechi 50 kati ya 60 za mwanzo, kisha akaumia. Alirudi kwenye mtoano akiwa amechomwa sindano ya kuua maumivu, na picha zikaonyesha mfupa wa navikula umevunjika.

Mfupa huo mdogo uko juu ya upinde wa unyayo, na sehemu yake ya katikati hupata damu kidogo. Ufa ukianza hapo hauungi haraka, na picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haiuonyeshi. Tiba ya kawaida ni plasta kwa wiki 6 hadi 8 bila kukanyaga. Sindano huondoa maumivu tu. Mchezaji anaendelea kutua kwa uzito wote juu ya ufa, nao unafunguka. Msimu wake mmoja wenye mechi nyingi ulikuwa wa 1985/86 Boston, mechi 80, akitokea benchi. Alipata ubingwa wa pili na tuzo ya mchezaji bora wa akiba.

Swali: Je, ni yeye aliyeshinda mechi 88 mfululizo UCLA?

Sehemu kubwa. Mechi 15 za kwanza zilichezwa mwaka 1971, wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kwenye timu kubwa. Zilizobaki 73 zilikuwa za enzi yake, hadi timu ya chuo cha Notre Dame ilipoukata mfululizo huo 71 kwa 70, Januari 1974.

Swali: Luke Walton ni ndugu yake?

Ni mwanawe. Alitwaa ubingwa na Los Angeles Lakers mwaka 2009 na 2010, kisha akawa kocha. Jina lake linatokana na Maurice Lucas, mwenzake baba yake katika kikosi kile cha Portland cha 1977.