Re: Mke kaondoka anataka nusu ya nyumba na vyombo vya muziki, mi msanii nifanyeje?

Mdogo wangu nimesoma yote, we mpiga kinanda wa maharusi hapo Mwanga, Kigoma, mwenzio karudi kwao Kasulu anataka mgao wa nyumba ya Gungu, vyombo na mpaka nyimbo, na we unaona hastahili maana alikuwa "anakaa tu nyumbani". Mi nilikuwa mke wa mpiga gitaa, tuliishi Ujiji, tukaachana na tukagawana, so nakujibu kutokea upande wake.

Hilo la kukaa tu usiende nalo popote. Mahakama ya Rufani ilishasema 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani na kulea ni mchango kwenye mali (japo bi mkubwa mwenyewe aliambulia patupu, hela ya mradi aliyopewa na mumewe alikuwa keshaitumbua). We ukirudi alfajiri kutoka shoo ukalala mpaka adhuhuri, nani alikuwa anawanyamazisha watoto? Ila na yeye mashoga zake wasimdanganye, sheria ya ndoa ya 1971 haisemi nusu kwa nusu moja kwa moja, kifungu cha 114 kinaangalia kila mtu kaweka nini, iwe hela, mali au kazi, halafu madeni mliyokopa kwa ajili ya wote na mahitaji ya watoto, hayo yakishapimwa ndo mahakama inaelemea kwenye kugawa sawa.

Mimi karatasi ya kiwanja ilikuwa na jina la mume tu, waliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa na mi nimo humohumo, nimesaini kama shahidi 😂 shahidi wa kiwanja changu! Kilichonibeba ni daftari la kikoba, maana nilikuwa naanika dagaa Kibirizi na kila mkopo niliochukua katibu aliandika wa nini, pale "bati", pale "spika za baba watoto", mzee wa baraza akasoma kwa sauti, mwenzangu akainama. Spika zenyewe deni lilikuwa halijaisha, tukalitoa hilo kwanza ndo tukagawa. Gitaa na ampu sikugusa, lile ni jembe lake, ukimnyang'anya hela ya watoto itatoka wapi, akanilipa fungu langu kidogo kidogo kila akipiga shoo, mi na wanangu tukabaki kwenye nyumba.

Nyimbo tulia, hakimiliki ni ya mtunzi kwa sheria ya 1999 na jina lako la utunzi haliendi Kasulu. Ila hela za nyimbo zilizoingia mkiwa pamoja zikanunua matofali, hizo zishakuwa nyumba na zitahesabiwa.

Halafu yeye kubeba mabegi haijawa kutengana kisheria. Anzieni baraza la usuluhishi la ndoa, kata au Bakwata kama ni Waislamu, wakishindwa kuwapatanisha wanawapa hati mnaenda nayo mahakama ya mwanzo, na mahakama inagawa mali ikishatoa amri ya kutengana au talaka. Hata mimi mwenye talaka yangu ya karatasi mkononi nilirudishwa baraza kwanza.

Na huyo mteja uliyesema yuko tayari na hela ya nyumba mwambie asubiri, nyumba ya ndoa huuzi wala huweki rehani bila ridhaa ya mwenzio, soma kifungu cha 59 cha hiyohiyo sheria ya ndoa.