Je, tungoje sheria ya akili bandia?

Ndugu, umeuliza kama Uganda ingoje sheria mahususi ya akili bandia ndipo ianze kuisimamia. Naona tusingoje. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 tayari inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomwathiri kwa uzito usitegemee mashine pekee, na Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi ina mamlaka ya kuchunguza malalamiko. Ila haki hiyo haimfai mchuuzi wa soko la Nakasero, Kampala, aliyenyimwa mkopo wa kupitia simu iwapo hajui kwamba ni programu iliyomkataa. Kwa hiyo ningeanza na daftari la wazi la mifumo ya akili bandia inayotumika, na maelezo kwa lugha anayoielewa, Kiswahili kikiwemo.