Wapelekwe, ila na sisi wa ziwani mtuhesabu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za 1980. Je, kuna haja ya kuendelea kupeleka timu?" Chini yake mkaongeza kwamba riadha ya nchi hii ni ya Arusha, Manyara na Singida. Hilo la chini ndilo lililonifanya nishike simu niandike. Mimi ni mtu wa Mwanza, nafanya biashara ya dagaa, na nusu ya hizo medali mbili ni ya huku kwetu.

Suleiman Nyambui ni wa Majita, Musoma Vijijini, kandokando kabisa ya Ziwa Victoria. Moscow, mita 5,000, Miruts Yifter wa Ethiopia alimtangulia kwa chini ya sekunde moja: 13:20.91 dhidi ya 13:21.60. Siku moja kabla yake Filbert Bayi wa Karatu alikuwa ameshachukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, baada ya kuongoza mpaka Malinowski wa Poland akamkuta mzunguko wa mwisho. Mnasherehekea Bayi kila mwaka, na anastahili. Ila pita Musoma umuulize kijana wa bodaboda Nyambui ni nani. Atakutajia kwanza kikosi cha Simba chote pamoja na wa akiba.

Sasa swali lenyewe. Nilipoanza kuandika jibu langu lilikuwa hapana, tena hapana ya hasira. Tangu Los Angeles 1984 hadi Paris 2024 tunakwenda na kurudi mikono mitupu. Ziwa hili tunachangia nchi tatu na sisi ndio wenye sehemu kubwa kuliko wote, lakini medali za Wakenya hata sizihesabu, na Waganda walishapata dhahabu tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Burundi, kanchi kadogo, ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza 1996 na Vénuste Niyongabo akarudi na dhahabu ya mita hizohizo 5,000. Sisi tukibanwa tunatoa hadithi ya John Stephen Akhwari, aliyeumia goti Mexico 1968 na bado akamaliza marathoni wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Mzee namheshimu. Ila hadithi yake tumeifanya mto wa kulalia.

Hapo ndipo nilipokumbuka usiku wa kuamkia Jumatatu, 15 Septemba 2025.

Nilikuwa soko la samaki la Mwaloni Kirumba nasubiri boti ya dagaa kutoka visiwani. Asiyepajua Mwaloni ajue kwamba saa tisa usiku pale watu wako macho kuliko saa tisa mchana: makuli wamekalia magunia matupu, akina mama tumejifunga vitenge mpaka masikioni kwa upepo wa ziwa, muuza kahawa anagongagonga vikombe vyake. Kijana mmoja kuli alikuwa ameegemeza simu yake yenye kioo kilichopasuka kwenye birika la kahawa, anaangalia marathoni ya mashindano ya dunia kutoka Tokyo. Muuza kahawa akawa analalamika kwamba hawezi kumimina, nani atamlipa hasara. Hakuna aliyemjibu. Dakika kumi baadaye na yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya birika lake mwenyewe.

Mbio zilianza saa saba na nusu kwa saa zetu. Mkenya mmoja akatoka kabla ya bunduki, wote wakarudishwa. Tukacheka sana. Kilomita 42 mtu anaibia mwanzo! Mwanzoni makuli wengi walikuwa wanamuulizia Mkenya na Mwethiopia yuko wapi, wanabishana kwa vikombe vya kahawa. Alphonce Simbu wa kwetu hakuna aliyemwekea hata kikombe kimoja. Yule mwenye simu tu ndiye aliyekuwa anarudia, "Huyo mjeshi, mwacheni, ana pumzi huyo." Kila kundi la mbele lilipopungua, Simbu yumo. Wakenya hawaonekani, Simbu yumo. Ikafika mahali mama mmoja muuza sangara wa kukaanga akaanza kuomba dua kwa sauti, na sidhani kama alikuwa anajua hata ni mashindano gani.

Wanaingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros akachomoka, Simbu nyuma yake. Mita mia za mwisho simu ikaganda. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Matusi yaliyomwagwa pale siwezi kuyaandika gazetini. Picha iliporudi Petros yuko chini ameanguka, Simbu amesimama anaangalia juu kama mtu anayesoma bango la matokeo ya mtihani, na sisi hatujui kitu. Kumbe boti yetu ilikuwa imeshafika. Nahodha anarusha kamba, hakuna wa kuidaka. Anarusha tena, inaanguka majini. "Mmekufa nyie?" Ndipo jina la Simbu likatokea juu: 2:09:48, sawasawa na Petros, wametenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Mwaloni ikalipuka. Kuli mmoja akakimbilia gatini anapiga kelele, "Tumeshinda dunia!" Nahodha akamtazama, akauliza, "Kwa hiyo dagaa leo bei gani?"

Najua mtasema hayo hayakuwa ya Olimpiki. Ni kweli. Lakini huyo Simbu alikuwa wa tano Rio 2016, wa saba Olimpiki ya Tokyo 2020, wa kumi na saba Paris. Olimpiki tatu, hakuna alichorudi nacho shingoni. Kwa hesabu yangu ya hasira hapo juu, alipaswa kubaki nyumbani baada ya Rio.

Na kutokwenda tulishakujaribu. 1976 tulisusia Montreal, sisi na Waafrika wengi, kwa sababu New Zealand walikwenda kucheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Sababu ilikuwa ya heshima, sibishani nayo. Ila Bayi ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1,500, 3:32.16, aliyoiweka Christchurch 1974 akimwacha John Walker wa New Zealand hiyohiyo. Montreal Walker alichukua dhahabu kwa 3:39.17. Medali yetu ya dhahabu ya Olimpiki, kama iliwahi kuwepo, iko pale. Na za 1980, tusijidanganye, zilipatikana Kenya na Marekani wakiwa wamesusa.

Basi jibu langu ni ndiyo, wapelekwe, na nimejishangaa mwenyewe. Ila nina masharti. Kwanza, msihesabu Olimpiki peke yake. Michezo ya Jumuiya ya Madola tuna dhahabu ya Bayi 1974, za Gidamis Shahanga 1978 na 1982, ya bondia Michael Yomba 1998, ya Samson Ramadhani Melbourne 2006. Ngumi zilituletea shaba mbili Birmingham 2022. Pili, Paris tulipeleka watu saba, wawili wao waogeleaji. Siwalaumu, nafasi zile hutolewa kwa nchi kama zetu. Lakini ajabu ni kwamba nchi yenye ziwa hili inatafuta waogeleaji kwenye mabwawa tu, na huku tuna vijana wanaoshindana mbio za mitumbwi mpaka mikono inachubuka, na hakuna aliyewahi kuja na saa kuwapima. Labda hawafai. Apime mtu kwanza.

Viongozi watakaosindikiza timu Los Angeles 2028 wasizidi wanamichezo. Hilo silegezi.

Mkiona jibu ni refu, kateni ya Madola. Ya nahodha yaacheni.