Buti halifungi: fundi anajibu

Fundi, nikitoka kijijini na matoke, mlango wa nyuma wa Fielder yangu haufungi. Naufunga kwa kamba mpaka Kampala. Kuna ubaya? (Masaka)

Upo, na ni mkubwa. Gari likikimbia, hewa huzunguka nyuma yake na kuurudisha moshi wa ekzosi ndani kupitia mlango ulio wazi. Moshi huo una monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kitaanza kuuma, nawe utadhani ni uchovu. Masaka hadi Kampala ni kilomita 130 hivi, na watoto waliolala kiti cha nyuma wanaivuta njia nzima. Tena mlango ukiinuka, aliye nyuma yako haoni vizuri namba wala taa zako. Laza upande mmoja wa kiti cha nyuma, mikungu iingie kwa urefu, kisha funga mlango mpaka ulie "kaa!" Mkungu usioingia, mpe kondakta wa basi. Naomba sana, kamba hiyo iache.

Tuko saba, gari ni Wish. Mizigo ya Krismasi tuweke wapi? (Tororo)

Safu ya tatu ikisimama, nyuma panabaki nafasi ya mikoba tu. Funga keria, lakini juu viende vyepesi: nguo, magodoro. Mchele na unga vikae sakafuni, miguuni pa abiria. Magunia juu ya paa huyumbisha gari kwenye kona.

Nabeba madumu sita ya maji. Usiku kila ninayepishana naye ananiwashia taa. Kwa nini? (Jinja)

Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Sita ni kilo 120, kama watu wazima wawili waliokaa nyuma ya ekseli. Mkia unashuka, pua inainuka, taa zako zinawapiga machoni. Sukuma madumu yaguse mgongo wa kiti na uyafunge. Magari mengi ya Kijapani yana kidude cha kushusha taa karibu na usukani, kitumie.

Nimetoa spea nipate nafasi ya bidhaa. (Mbale)

Irudishe leo, mama. Pancha ikikukuta usiku katikati ya msitu wa Mabira, bidhaa hizo hazitakusaidia. Na uipime upepo kabla ya kuifunga. Spea nyingi ninazoletewa zimelala kabisa.